Kuamini Mungu ni kuamini nini?

Katika Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji wa Tanga, kwenye njia iendayo Horohoro, kuna mahali ambapo mwongozaji hushusha sauti kidogo. Tochi ikimulika pembeni huonekana chupa tupu za marashi, vipande vya vitambaa, sarafu, majivu ya ubani, na pengine kifuu cha nazi. Hapo ni mzimuni. Mara ya mwisho nilipofika nilijikuta nyuma ya kundi la wanafunzi, na mmoja wao akauliza swali ambalo nadhani mwongozaji yule amelisikia mpaka limemchosha: "Samahani kaka, wanaoleta hivi vitu ni wapagani?" Mwongozaji akacheka. "Wapagani wa wapi, mdogo wangu? Ijumaa wako msikitini, Jumapili wako kanisani. Huyu kaja kuomba mtoto, yule biashara imekwama. Ukiwauliza watakwambia wanamwomba Mungu, hapa ni mahali tu."

Kijana alibaki ameshika kalamu bila kuandika. Alikuwa amekuja na mafungu matatu aliyofundishwa darasani, kwamba wako wanaoamini Mungu mmoja, wako wanaoamini miungu mingi, na wako wasioamini kitu, na ile chupa ya marashi haikuingia katika fungu lolote kati ya hayo. Tatizo liko kwenye mafungu, ambayo yanachukulia kwamba kuhusu Mungu kuna swali moja tu la kujibiwa, nalo ni la idadi, ilhali ndani yake mmefumbatwa maswali kadhaa ambayo jibu la moja halikulazimishi jibu la jingine. Kuna kuuliza kama yupo. Kuna kuuliza kama ni mmoja au zaidi. Kuna kuuliza yuko wapi kwa kulinganisha na ulimwengu huu, yaani yu nje yake, yumo ndani yake, au ulimwengu ndio yeye. Kuna kuuliza kama anajishughulisha na mambo yetu. Na nyuma ya hayo yote limejificha swali la tano, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililowafarakanisha watu kuliko mengine, nalo ni nani anayestahili kuabudiwa. Majirani wawili wanaweza kukubaliana katika manne ya kwanza na wasizikane kwa sababu ya hili la mwisho.

Kiswahili chenyewe kimechangia kulikaza fundo hili, kwa hiyo inafaa kuanzia kwenye maneno. "Mungu" ni "Muungu" iliyofupishwa, nayo ni ndugu ya "Mulungu", jina ambalo kwa matamshi yanayotofautiana kidogo hutumiwa na makabila mengi kuanzia mwambao huu na bara yake mpaka Malawi. Wingi wake ni "miungu", si "waungu". Kwa umbo, basi, neno hili halikukaa pamoja na mtu, mtoto na mgeni, bali limekaa pamoja na mti, mto, moto, moyo na, ili tusiisahau Amboni, mzimu. Likiingia katika sentensi, hata hivyo, hubadilika likawa la mwenye uhai: husema Mungu anasikia, wala hakuna asemaye Mungu unasikia. Vitabu vya sarufi hueleza kwamba huo ni upatanisho wa viumbe hai, maelezo ambayo mwalimu wangu wa madrasa asingeyapitisha hata kidogo, kwa kuwa kiumbe ni kile kilichoumbwa. Kwenye wingi ndipo tunapositasita zaidi, wengine wakisema miungu wengi na wengine miungu mingi, kama kwamba ulimi haujaamua bado kama hao wanaotajwa ni watu au ni vitu.

Herufi kubwa nayo ina kazi nzito kuliko inavyodhaniwa. Kiarabu kina maneno mawili, "ilahi" kwa chochote kinachoabudiwa na "Allah" kwa jina la Mwenyewe, na kwa hiyo shahada ya Waislamu hutamkwa bila utata wowote. Kiswahili kina neno moja kwa yote mawili, na ndiyo maana tafsiri tuliyoizoea inalazimika kurefuka: "Hapana mungu apasaye kuabudiwa kwa haki ila Mwenyezi Mungu." Kwenye karatasi m ndogo na M kubwa hutofautisha, masikioni ni "Mwenyezi" peke yake linaloiokoa sentensi. Tena ukiitazama vizuri, tafsiri hiyo haikusema kwamba hapana mungu mwingine aliyepo. Imesema hapana mwingine apasaye kuabudiwa kwa haki. Mfasiri ameliingiza lile swali la tano mlangoni kabisa, kabla ya swali la idadi kupata nafasi ya kukaa.

Neno jingine lililopotoka njiani ni "ushirikina". Asili yake ni kushirikisha, mzizi uleule uliotupatia shirika, mshirika na chama cha ushirika, na maana yake ya kidini ni kumpa Mungu mshirika katika uungu au katika ibada. Mtaani limekwenda kwingine kabisa. Akisemwa mtu wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, kuwa ni mshirikina, wasikilizaji hawafikirii kwamba anaamini miungu miwili. Wanafikiria hirizi, kuku mweusi na safari za usiku kwa mganga, na mara nyingi wanaogopa kwamba anaroga. Neno la theolojia limekuwa neno la uchawi, na mwenye kuulizia imani ya watu kwa neno hilo atapata majibu ya swali ambalo hakuliuliza. "Mpagani" nalo lina historia inayofanana: chanzo chake ni neno la Kilatini lililomaanisha mtu wa shamba, asiyekuwa wa mjini, na likaja kubandikwa kwa waliochelewa kubatizwa. Watu wa mwambao hatuna haki ya kuwacheka Warumi kwa hilo, maana sisi tulikuwa na "mshenzi", na tulilitumia vilevile kwa mtu wa bara asiyekuwa Mwislamu.

Tofauti kati ya kuamini kwamba mungu fulani yupo na kumwabudu inaonekana wazi zaidi katika habari za Makka kabla ya Uislamu. Wakazi wake huhesabiwa kuwa mfano wa waabudu miungu mingi, na ni kweli walikuwa na Lata, Uza na Manata, ambao Kurani inawataja katika sura ya 53. Lakini Kurani hiyohiyo, katika sura ya 29 aya ya 61, inasema kwamba watu hao wakiulizwa ni nani aliyeumba mbingu na ardhi watajibu kuwa ni Allah, na katika sura ya 39 aya ya 3 inaeleza hoja yao, kwamba hawawaabudu hao wengine ila wapate kuwakurubisha kwake. Kwa hesabu ya muumba, basi, watu wa Makka walikuwa na mmoja. Ugomvi ulikuwa juu ya ibada. Ndiyo maana baadhi ya wanazuoni wa Kiislamu waliigawanya tauhidi, wakitenga kumpwekesha Mungu katika uumbaji na umiliki na kumpwekesha katika kuabudiwa, wakisema kwamba la kwanza bila la pili halimtoshi mtu.

Mrudishe sasa yule mwenye chupa ya marashi. Mwanafalsafa akimuuliza ni nani aliyeumba dunia atajibu bila kusita, na mwanafalsafa atamwandika miongoni mwa wenye Mungu mmoja. Sheikh akimwona amepiga magoti mbele ya jiwe na ubani unafuka atamwambia amefanya shirki, na mchungaji atasema vivyo hivyo kwa msamiati mwingine. Mwenyewe atasema mizimu si miungu. Ni wazee waliotangulia, au ni wenye mahali pao, na mtu akienda ikulu hukutana kwanza na walinzi. Hukumu mbili zinatofautiana juu ya mtu mmoja, na hakuna aliyekosea, kwa kuwa kila mmoja amejibu swali lake.

Wenye kuchambua dini wana jina kwa hali ya kukubali kwamba miungu mingine ipo, au angalau kutolijali swali hilo, huku ukimwabudu mmoja tu. Huiita monolatria, yaani ibada ya mmoja. Wasomi wengi wa Biblia wanaona alama zake katika tabaka za kale za Agano la Kale. Amri katika Kutoka 20:3 inasema, "Usiwe na miungu mingine ila mimi", na amri ya namna hiyo ingekuwa haina haja kama wasikilizaji wangekuwa na hakika kwamba mingine haipo. Mwanamume hakatazwi mke wa pili ikiwa duniani kuna mwanamke mmoja tu. Ukifika kwa nabii Isaya sauti imebadilika: "Mimi ni wa kwanza, na mimi ni wa mwisho, zaidi yangu mimi hapana Mungu." Hapo si ibada peke yake inayozungumzwa, ni kuwapo. Wapo wafasiri wanaokataa kwamba kulikuwa na safari kutoka la kwanza hadi la pili, na wanasema Musa aliamini alichoamini Isaya. Msomaji ataamua, lakini atambue kwamba ni madai mawili.

Kwa upande mwingine kuna hali ambayo Max Müller, mtaalamu wa Kisanskriti wa karne ya 19, aliieneza kwa jina la uhenoteisti. Katika nyimbo za Veda, maandiko ya kale ya Wahindu, aliona kwamba anayesifiwa leo, awe Indra au Agni au Varuna, husifiwa kana kwamba ndiye mkuu pekee na wengine hawapo, na kesho mwingine hupewa enzi hiyohiyo. Haikuwa miungu mingi iliyopangwa kwa vyeo kama ile ya Wagiriki, ambako Zeu alikuwa na mbingu na Poseidoni akawa na bahari na kila mmoja alijua mpaka wake. Na haikuwa Mungu mmoja pia.

Wahindu, ambao Tanga mjini wameishi vizazi na vizazi, huulizwa mara kwa mara swali la idadi, na huulizwa kwa kejeli. Inasemwa wana miungu milioni 330. Sehemu ya idadi hiyo inatokana na neno "koti", ambalo katika Kisanskriti ni milioni 10 lakini pia ni aina au daraja, hivyo wapo wanaoeleza kwamba "koti 33" ni aina 33. Jibu zuri zaidi lilikwisha kutolewa katika mojawapo ya Upanishadi za kale, maandiko ya hekima ya Wahindu, katika mazungumzo ya mwalimu Yajnavalkya na mtu aitwaye Shakalya. Shakalya anauliza: miungu ni wangapi? Anajibiwa: mia tatu na tatu, na elfu tatu na tatu. Naam, anasema Shakalya, lakini hasa ni wangapi? Thelathini na tatu. Naam, lakini hasa ni wangapi? Sita. Anarudia swali lilelile bila kuchoka, na hesabu inashuka: watatu, wawili, mmoja na nusu, mmoja. Akitakiwa kueleza, Yajnavalkya anasema wale maelfu ni nguvu tu za wale 33, na yule mmoja na nusu ni upepo uvumao, na yule mmoja ni pumzi, ndiye Brahmani, yaani uhalisi mkuu ulio nyuma ya vyote. Hakuna mahali aliposema kwamba jibu la kwanza lilikuwa uongo. Mhindu mmoja atasimama kwenye elfu tatu, mwingine kwenye mmoja, na wote wako katika mazungumzo yaleyale, jambo ambalo sisi tuliolelewa na shahada au kanuni ya imani huliona kama ukwepaji, na wao huliona kama ngazi.

Utatu wa Wakristo ningeupita haraka kama usingekuwa chanzo cha mihadhara mingi katika mji huu. Mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, ya Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381 ilifundisha Mungu mmoja katika uungu, na Baba, Mwana na Roho wakiwa nafsi tatu zisizogawanyika; Mkristo kwa kauli yake mwenyewe ni mwenye Mungu mmoja, na Mwislamu humjibu kwamba kauli hiyo haisimami. Hilo ni bishano juu ya maana ya "mmoja". Anayelifanya kuwa bishano la kati ya mmoja na watatu amewaonea wote wawili.

Iko imani ya wawili hasa. Zarathustra, nabii wa Uajemi wa kale, alifundisha juu ya Ahura Mazda, Bwana mwenye hekima, na roho mharibifu anayempinga, na katika vipindi fulani wafuasi wake walifikia kuwasawazisha wawili hao. Mani, katika karne ya 3, alisonga mbele akafundisha nuru na giza kuwa asili mbili za milele. Waparsi waliokuja Zanzibar walikuwa wa dini hiyo ya Zarathustra, akiwamo yule mtoto aliyezaliwa huko mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua baadaye kama Freddie Mercury. Nataja hili kwa sababu mazungumzo yetu ya kila siku huelekea huko bila kukusudia. Sikiliza jinsi shetani anavyopewa ajali za barabarani, ndoa zilizovunjika na mitihani iliyofeli, mpaka msikilizaji anashangaa kama bado ni kiumbe au amekwisha kupandishwa cheo.

Niliahidi nafsi yangu kutokaa sana kwenye dini za Waafrika, kwa kuwa mara nyingi zinaelezwa kwa haraka na mtu ambaye tayari ana jibu, lakini hapa ndipo hoja yangu inapopata ushahidi wake mkubwa. John Mbiti, padri na msomi wa Kenya aliyefariki mwaka 2019, alikusanya majina ya Mungu kutoka makabila mengi akasisitiza kwamba Waafrika walimjua Mungu mmoja mkuu kabla ya mmisionari yeyote kushuka pwani. Okot p'Bitek, mshairi Mwacholi wa Uganda aliyefariki mwaka 1982, alipinga kwa ukali, akisema wasomi wa namna hiyo wanawavisha miungu ya Afrika kanzu za Kigiriki. Alitoa kisa cha mwaka 1911, ambapo mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi: nani aliyewaumba? Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana waliyoitaka mapadri, hivyo swali likatoka kama nani aliyewafinyanga. Wazee wakashangaa, maana mtu huzaliwa na mama yake. Walipobanwa sana, mmoja akakumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima anaweza kupatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, akapinda, akawa kama aliyefinyangwa upya, na anayesababisha hayo huitwa Rubanga. Akajibu: Rubanga ndiye anayewafinyanga watu. Mapadri wakaandika. Na Rubanga, aliyekuwa jina la mleta kibyongo, akawa ndiye Mungu wa katekisimu.

Sidhani kisa hicho kinamwangusha Mbiti moja kwa moja, kwa kuwa Mulungu wa huku kwetu si Rubanga, na watu wa mwambao na bara yake walilitaja jina lake katika mvua, viapo na misiba bila kufundishwa na padri. Kinachobomoka ni ile imani kwamba swali "Mungu wenu ni wangapi" linaeleweka kila mahali. Palipo na mkuu asiyesumbuliwa kwa mambo madogo, mababu wanaosumbuliwa kila siku, na pepo wenye majina na ngoma zao, idadi hutegemea kabisa nani unakubali kumwita mungu. Ukilitumia neno mungu kwa maana ya Kigiriki utapata kundi zima. Ukitumia Mulungu utapata mmoja.

Swali la mahali na la shughuli yafaa kutazamwa pamoja. Wale walioitwa wadeisti, waliovuma Uingereza na Ufaransa katika karne ya 17 na ya 18, walisadiki kwamba muumba yupo, kwa kuwa ulimwengu wenye mpangilio haukujipanga, lakini walikataa ufunuo na miujiza. Mfano wao maarufu ni wa fundi saa, na anayepita chini ya mnara wa saa pale Tanga anaweza kuuelewa mara moja: fundi aliifunga mashine, akaijaza, akaondoka, na mishale inaendelea kuzunguka bila yeye kuisukuma. Voltaire, mwandishi wa Ufaransa, alikuwa wa mwelekeo huo. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, uzeeni alizikata kurasa za Injili kwa wembe, akabandika mafundisho ya Yesu na kuiacha miujiza pamoja na ufufuko kwenye mabaki ya karatasi. Kwa lugha yetu kuna kipimo chepesi cha imani hii: mdeisti anaamini Mungu kikamilifu, lakini hawezi kusema "inshallah". Hakuna kitu cha kesho ambacho mungu wake anakitaka au hakitaki.

Baruch Spinoza, Myahudi wa Amsterdam aliyetengwa na jamii yake mwaka 1656 akiwa na umri wa miaka 23, alikwenda upande wa pili. Kwake Mungu hakuondoka baada ya kazi, kwa kuwa hakuwahi kuwa nje ya kazi: Mungu na maumbile ni kitu kimoja, na majani, mawimbi na mawazo yetu ni namna zake za kuwapo. Huu ndio upanteisti. Albert Einstein, alipoulizwa mwaka 1929 kama anaamini Mungu, alijibu kwamba anamwamini Mungu wa Spinoza, na tangu hapo waumini na wasioamini wamemgombania kama maiti inayodaiwa na koo mbili. Kipimo chetu kinafanya kazi hapa pia, kwani mungu wa namna hiyo haombwi dua. Ni sawa na kuiomba bahari isijae.

Kati ya fundi aliyeondoka na maumbile yenyewe kuna wanaosema kwamba ulimwengu wote umo ndani ya Mungu lakini Mungu hakuishia katika ulimwengu. Mfano wa sifongo ndani ya bahari husaidia kidogo: maji yamo katika kila tundu lake, na bado bahari ni kubwa kuliko sifongo. Masufi wengi, yaani Waislamu wanaotafuta kumkaribia Mungu kwa zikri, wamekaribia ukingo huu. Hallaj aliuawa Baghdad mwaka 922, na kinachokumbukwa zaidi ni kauli yake "Mimi ndiye Haki", Haki, yaani Kweli, likiwa mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Ibn Arabi, aliyefia Damascus mwaka 1240, aliandika juu ya kuwapo kulivyo kumoja kwa namna ambayo wafuasi wake waliiita kilele cha tauhidi na wapinzani wake wakaiita kufuru. Nimesikiliza zikri za Tanga usiku mrefu, pumzi za wanaume zikipanda na kushuka kwa mdundo mmoja, na singethubutu kumwambia mtu aliyekuwa ndani ya duara lile kwamba Mungu wake yuko nje, mbali, juu. Wala nisingethubutu kumwambia sheikh wake kwamba anafundisha upanteisti.

Limebaki la kwanza, la kama yupo. "Mkanamungu" ni neno linaloonekana la moja kwa moja, lakini kila mara inabidi kuuliza anakana mungu yupi. Wakristo wa mwanzo waliitwa wakanamungu na Warumi kwa sababu walikataa kuitolea sadaka miungu ya dola. Katikati ya karne ya 2, askofu mzee wa Smirna, Polikapo, aliamriwa mbele ya umati aseme "Waondoke wakanamungu!" ili asamehewe. Aliwaelekezea mkono watu waliojaa uwanjani, akawaangalia, akasema: waondoke wakanamungu. Wakamchoma moto.

Dini nzima inaweza pia kusimama bila muumba. Maandiko ya Kibuddha yamejaa viumbe wa mbinguni wenye enzi ndefu, lakini nao huzaliwa, hufa na huzaliwa tena, na hakuna hata mmoja aliyeumba ulimwengu au awezaye kumwokoa mtu. Jibu la "je, wapo?" ni ndiyo, na jibu la "je, wokovu watoka kwao?" ni hapana, jambo linaloigeuza juu chini ile Makka ya kale, ambako wengine walitegemewa kumkurubisha mtu kwa muumba.

Asiyejua ana nafasi yake pia. Thomas Huxley, mwanabiolojia wa Uingereza, alibuni jina la agnostiki mwaka 1869, baada ya kuona kwamba wenzake wote wana hakika ya kitu na yeye peke yake hana. Hakumaanisha mtu aliye katikati, nusu anaamini na nusu haamini. Alizungumzia ujuzi: kwamba mtu asidai kuujua ukweli ambao hana ushahidi wa kutosha juu yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa agnostiki kwa ujuzi na muumini kwa moyo, akaswali bila kudai kwamba amethibitisha, na mwingine akawa agnostiki asiyeswali. Kulisema hili kwa Kiswahili ni mtihani, kwa sababu maneno yetu ya kukiri kutojua yanamtaja mwenye kujua. Ukiulizwa jambo usilolijua unasema "Mungu ndiye ajuaye." Sasa jaribu kusema kwa ulimi huohuo kwamba hujui kama Mungu yupo.

Nina rafiki barabara ya pili kutoka kwetu ambaye amejaribu. Tulikuwa barazani baada ya alasiri, kahawa chungu inazunguka na kashata zimebaki mbili, na mzee mmoja akamuuliza waziwazi, kwa upole, "Mwanangu, hivi wewe unaamini?" Akajibu, "Shikamoo tena mzee wangu. Kusema kweli sijui." Mzee akanyamaza, akamsogezea kikombe. Rafiki huyo hufunga Ramadhani kwa ajili ya mama yake, huhudhuria maulidi, na amekwisha waambia ndugu zake wamzike ubavuni mwa baba yake kwa taratibu zote. Serikali haimsumbui: ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa imani, na baada ya sensa ya mwaka 1967 wahesabu watu hawaulizi tena dini. Lakini zipo fomu nyingine zinazouliza, na karani wa mahakama humuuliza shahidi dini yake kabla hajaapa au kuthibitisha. Hapo Kiswahili kinafanya tofauti ambayo mafungu ya darasani hayakuwahi kuifanya, kati ya imani, ambayo ni ya moyoni, na dini, ambayo ni jina, ukoo, kitoweo na kaburi. Kwenye nafasi ya dini yeye huandika "Mwislamu", na anasema hajawahi kuona kwamba amedanganya.